Hakijasomwa na Mtu Mwingine

Gatete, Jumatatu ya Pasaka, 3 Aprili 1972

Mama Saif,

Amahoro. Sisi tuko. Watoto nao wako, Domitille wangu yuko jikoni anagombana na kuni mbichi, na mimi niko vakansi, shule imefungwa mpaka wiki ijayo. Sanduku limefika. Mushagalusa alilishusha kwenye kamyo yake kutoka katikati ya magunia matupu ya ndagala, kwa hiyo kila mzuka wa mwezi huu utanuka samaki. Nimehesabu vitabu: ishirini na vitatu, kamili. Anastasie wa Gitaza alikaa navyo mwezi wa tatu wote na hakupoteza hata kimoja. Sijui kama wagonjwa wake anawatunza hivyo.

Nimeliweka sanduku shuleni, kwenye kabati la darasa langu. Nyumbani watoto wangefanya kurasa kuwa ndege. Mlango wa shule hauna komeo tangu Noeli, lakini nani ataiba vitabu vya kutisha? Hapa watu wanaiba sabuni.

Basi mkataba wetu wa Aprili ni huu, nauandika ili usije ukaugeuza. Mwezi mzima tunasoma vya kutisha tu, mimi hapa, wewe na vile vipya ulivyobaki navyo dukani. Sheria ni ile ile niliyoiweka mwaka wa Uhuru, Mbelgiji yule alipofunga virago akamwachia marehemu mumeo kartoni ya kwanza ya vitabu: ukimaliza kitabu, ukurasa wa nyuma unaandika jina lako kamili, kazi yako, mahali ulipo, halafu *Niliogopa* au *Sikuogopa*. Ukiogopa, unataja ukurasa na mahali ulipokuwa umekaa. Asiyeandika ukweli asisome. Na ikitokea mwezi huu nikaandika *Niliogopa* hata mara moja, nitakuletea kapu la ndagala wa Gitaza, wale wakavu weupe, si wale wa mvua.

Nimeanza na kile tunachokiita *Kisima*. Familia inanunua nyumba, kisima cha uani kinajibu kwa sauti ya mtu aliyeitwa mwisho. Kurasa mia mbili watu wanakisikiliza hicho kisima. Hakuna hata mmoja anayekwenda kutafuta mbao akakifunika! Nimeandika *Sikuogopa*.

Ni mimi,
Hyacinthe, mwalimu


Bujumbura, Jumapili, 9 Aprili 1972

Mwalimu wangu, mwongo wa Gatete,

Salamu zako nimezipokea, na mkataba nimeuweka chini ya mtungi. Miaka kumi unaandika *Sikuogopa*. Miaka kumi! Hata kuku anaogopa, Mwalimu. Nimepekua vitabu vyote kabla ya kuvituma mwaka jana: wasomaji wetu kumi na wanne, kutoka hapa mjini mpaka kwako, kila mmoja ameogopa walau mara tatu. Kalume, mvuvi mzima anayevuka ziwa kila wiki, ameandika aliogopa akiwa amekaa juu ya mtumbwi wake, akarudi nchi kavu. Wewe peke yako ndiye jiwe. Ama una moyo wa jiwe, ama kalamu yako haina adabu.

Mimi sina haya. Nimesoma kile kipya cha Kiswahili kilicholetwa kutoka Dar, nakiita *Fundi wa Vipimo*. Kuna seremala wa majeneza anayekwenda nyumba kwa nyumba na utepe wake kupima watu wazima walio hai. Anapima, anaandika kwenye daftari, anashukuru, anaondoka. Na watu wanasimama wima wapimwe, maana kaja kwa heshima na amevaa vizuri. Sasa mimi, Mwalimu, kazi yangu ni nini? Nauza vitambaa. Jana bibi mmoja kaja kutaka kanga, nikachukua utepe nikamzungushia, nikauachia ghafla kama umeniunguza. Bibi akaniuliza, "Mama Saif, una homa?" Nikasema ndiyo. Nimeandika *Niliogopa, ukurasa wa arobaini na moja, dukani kwangu, mchana kweupe.* Ndivyo mtu mkweli anavyoandika.

Anastasie ananichekesha. Umeona alichoandika nyuma ya *Mikono ya Daktari*? "Anastasie, muuguzi, Gitaza. Sikuogopa. Uzi wa namna hii haushoni hata godoro."

Msalimie Domitille. Mwambie majani ya chai nimempa Mushagalusa.

Thuwaiba binti Zahor


Gatete, Jumatatu, 17 Aprili 1972

Mama Saif,

Murakoze kwa chai. Domitille anasema Mungu akuzidishie.

Shule imefungua, kwa hiyo nasoma saa ya mapumziko, watoto wakicheza mpira wa majani ya migomba. Hesabu yangu mpaka leo ni vitabu vitano. *Mikono ya Daktari* ni upuuzi, Anastasie amesema yote. *Bibi Harusi wa Kioo* kimeandikwa vizuri, lakini mwandishi anapenda ukungu kupita kiasi, na mtu aliyekulia kando ya Tanganyika haogopeshwi na ukungu. *Pango* nimelala nikikisoma. Nacho nimekiandikia *Sikuogopa*, ingawa ukweli kamili ni kwamba sikuwa macho.

Cha tano ni *Mgeni*, na hiki kimenikasirisha. Mtu anaambiwa na mama yake, na mke wake, na jirani, na hata mbwa wake: leo mtu akija usifungue mlango. Mgeni anakuja. Anabisha kwa upole, anamtaja kwa jina lake. Na yule mpumbavu anafungua! Mama Saif, nilikitupa chini. Nikawaeleza wanafunzi wa darasa la sita hadithi hiyo, nikawauliza: kosa la mtu huyu ni nini? Wakasema wote kwa sauti moja: alifungua. Watoto wa miaka kumi na miwili wanajua. Kwa nini katika vitabu hivi mtu mwenye akili zake anaona hatari kabisa, inamwita, naye anakwenda? Ningekuwa mimi ningetoka kwa dirisha la nyuma, kesho yake niko ng'ambo nakula sambaza wa kukaanga.

Sikuogopa. Nilikasirika tu.

Hyacinthe


Bujumbura, Jumatatu, 24 Aprili 1972

Mwalimu,

Ungefungua.

Usinitupie kitabu. Nakujua tangu ulipokuja dukani kwetu kijana wa shule ya ualimu, kola imepigwa pasi, kununua kitambaa cha suruali yako ya kwanza ya kazi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa amekosea kukata, kitambaa kimepungua shubiri nzima, na wewe ulisema "murakoze cane" ukaondoka nacho. Nilikukimbiza barabarani kukurudishia. Wewe ni mtu wa adabu. Mtu akisema hodi, wewe karibu imeshatoka mdomoni kabla hujajua hodi ni ya nani. Nyumba yako haijawahi kufungwa mchana. Mtu wa namna hiyo akiitwa kwa jina lake, na kwa upole, atafungua, na kiti atatoa.

Kitabu hicho mimi kilinitisha kwa sababu hiyo. Yule mtu hakuwa mpumbavu. Alilelewa vizuri.

Mwisho wa mwezi ni Jumapili. Mimi nina vitabu sita na hofu nne. Wewe una vitano na uongo mara tano. Sanduku ulitume kwa Mushagalusa wiki ya kwanza ya Mei, zamu yangu inaanza.

Thuwaiba


Gatete, Alhamisi, 4 Mei 1972

Mama Saif,

Nampa Mushagalusa barua hii mkononi. Posta imefungwa.

Utakuwa umesikia. Jumamosi tarehe 29 walikuja watu na mapanga, wengine tunawajua, wengine hatujawahi kuwaona. Waliua Watutsi huku pwani yetu, nyumba kwa nyumba. Walimuua direkta wa shule yetu. Huyo ndiye aliyenifundisha kushika chaki. Jumatatu mimi na mzee wa kanisa tulimchimbia kaburi nyuma ya nyumba yake, maana barabarani hapapitiki. Mke wake nimemficha kwetu siku mbili, mpaka ndugu zake walipomchukua.

Sasa askari wamefika. Wale wa mapanga wamekimbia, na askari wanatafuta. Wanachukua watu ambao hawakuwa na panga.

Hesabu ya Aprili: vitabu saba. Cha saba nilikimaliza Ijumaa tarehe 28. Niliandika *Sikuogopa*. Sanduku bado liko shuleni, Mushagalusa hakuthubutu kulipakia kwa sababu ya vizuizi, wanashusha kila kitu. Nitalituma njia ikifunguka.

Watoto wako. Domitille yuko.

Hyacinthe


Bujumbura, Alhamisi, 11 Mei 1972

Hyacinthe,

Soma barua hii kisha uichome.

Anastasie amechukuliwa. Jumanne, akiwa kazini Gitaza, na kanzu yake nyeupe mwilini. Mushagalusa alipita pale akakuta mabeseni yapo, mtu hayuko. Waliuliza, "Anastasie muuguzi ni yupi?" Akasema ni mimi.

Hapa mjini ni hivyo hivyo. Wanachukua Wahutu waliosoma. Walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi wakubwa kwa wadogo. Wana karatasi zenye majina. Kamyo zinapita mbele ya duka langu zimejaa watu waliolala kifudifudi, na mimi nasimama nimeshika utepe. Sitaki kukuandikia zaidi ya hapo.

Sasa fikiria lile sanduku. Nimelifikiria siku mbili sijala. Vitabu ishirini na vitatu, na nyuma ya kila kitabu umetuandikisha wewe mwenyewe, kwa ile tabia yako ya kuita majina darasani: jina kamili, kazi, mahali. Fulani, mwalimu, Bugarama. Fulani, karani, Rumonge. Fulani, mwanafunzi, Bujumbura. Hata mtu mwenye nia mbaya asingeandika orodha nzuri kama hiyo ya watu waliosoma wa pwani nzima. Na iko kwenye kabati, nyuma ya mlango usio na komeo.

Sikulaumu. Sheria ile niliipenda. Ila sasa iue. Choma vyote, vitabu navitoa sadaka. Halafu mchukue Domitille na watoto uende kwa Kalume, mtumbwi wake unavuka.

Thuwaiba


Gatete, Jumatatu, 15 Mei 1972

Mama Saif,

Nimesoma, nimechoma. Nimekaa na ule mstari wa Anastasie wa godoro kichwani siku nzima.

Kuhusu sanduku una haki, na kosa ni langu. Lakini kuchoma haiwezekani: askari wamepiga kambi kwenye soko, moshi wowote shuleni wanaufuata. Kulibeba mpaka ziwani pia haiwezekani, kuna kizuizi njiani na wanafungua mizigo. Nimeamua hivi: nakata kurasa za majina kwa wembe, moja moja, nazichana, nazitupa katika choo cha shule. Vitabu vinabaki vitabu tu. Nimeanza leo. Ni kazi ya polepole kuliko nilivyodhani, kwa sababu watu wengine waliandika hata ndani ya jalada, na Kalume aliandika pembeni ya ukurasa ule ule uliomtisha. Lazima nipitie kila kitabu.

Kuhusu kuvuka, sikiliza. Tumepata barua. Walimu wote wa huku tunaitwa kwenye mkutano Alhamisi tarehe 18, saa tatu asubuhi. Barua imeandikwa vizuri, ina muhuri, imeniita Mwalimu na kunitaja kwa jina. Inasema ni mkutano wa utulivu, ili shule zifunguliwe. Nisipokwenda nitakuwa nimejihukumu mwenyewe. Mtu asiye na kosa anakimbia nini? Mimi nilimzika direkta kwa mikono yangu. Mke wake alilala kwangu. Wanajua, na wasipojua nitawaambia. Domitille analia anataka tuvuke. Nimemwambia Ijumaa tutaona.

Hyacinthe


Bujumbura, Jumanne, 16 Mei 1972

Hyacinthe,

Usifungue mlango.

Nakurudishia maneno yako, barua yako ya tarehe 17 Aprili iko mbele yangu: "Kwa nini katika vitabu hivi mtu mwenye akili zake anaona hatari kabisa, inamwita, naye anakwenda?" Mwandiko wako. Nijibu basi! Wamekuita kwa jina. Wamekuita kwa upole. Wameweka na muhuri. Na wewe umeshachukua kofia.

Hapa makarani waliitwa kwenye mkutano Ijumaa. Walikwenda wamevaa suti. Wake zao wako nje ya ukuta mpaka leo na vyakula mikononi, na kila siku wanaambiwa waje kesho. Mwalimu, yule uliyemzika hatakushuhudia. Hawatakuuliza ulimzika nani.

Waulize wanafunzi wako wa darasa la sita. Wao wanajua kosa la yule mtu ni nini.

Nimemwambia Mushagalusa asikupe mkono hata wa salamu, akupe barua hii tu aende. Kesho vuka. Nakuomba kama mdogo wangu wa tumbo moja. Toka kwa dirisha la nyuma kama ulivyojisifu. Nitakutangaza pwani nzima kuwa mwoga, nitachapisha kitabu, na wewe utakuwa hai unakisoma.

Dada yako,
Thuwaiba


Ubwari, Zaire, 11 Juni 1972

Mama Saif,

Mimi ni Domitille, bibi ya Hyacinthe. Unisamehe mwandiko, bwana yangu njo alinifundisha kuandika na hatukumaliza. Hatujaonana na wewe hata siku moja, lakini chai yako nimekunywa.

Barua yako ilifika Jumatano asubuhi. Mushagalusa aliitupa kwa dirisha ya kamyo, hakusimama. Hyacinthe alisoma amesimama, akasoma tena amekaa. Akacheka. Akasema, "Huyu mama ameniweza." Halafu akasema, "Domitille, vika watoto. Siendi mkutano."

Nilipiga magoti nikamushukuru Mungu. Nilijua amepona.

Muchana tulishuka kwa Kalume, tulipitia kwenye michikichi kama watu wanatafuta ngazi, yale matunda ya mawese. Mutumbwi ilikuwa imejaa watu, lakini Kalume alisema mwalimu hata kwenye magoti yangu atakaa. Hyacinthe akaingiza watoto, akaingiza mimi, akabaki kwenye maji mpaka hapa ya magoti. Akasema, "Mimi nitakuja na safari ya kesho asubuhi. Kule shuleni kuna majina ya watu kumi na wanne. Niliwaandikisha mimi. Nimekata vitabu tisa tu."

Nilimutukana, Mama Saif. Mbele ya watu. Nilimwambia hivyo vitabu njo bibi yako, si mimi. Akasema, "Hao watu waliandika kwa sababu mimi niliwaambia waandike." Akamupa Kalume mukono, akarudi.

Kalume alirudi Alhamisi asubuhi kumuchukua. Alingoja kwenye matete, chini ya shule. Saa tatu mkutano ulianza, na saa nne kamyo ilitoka huko kutafuta walimu wenye hawakwenda. Ilikwenda kwanza kwa nyumba yetu, halafu shuleni. Kalume aliona kwa macho yake. Askari mmoja alibisha mlango. Hawakusukuma, alibisha. Na mlango haukuwa na komeo, lakini ulifunguliwa kutoka ndani. Hyacinthe alitoka mikono mitupu. Aliongea na wao kidogo, akawaonyesha vitabu. Halafu akapanda kamyo.

Wale walimu wa mkutano hakuna hata mumoja alirudi. Na yeye hakurudi. Watu wenye walivuka nyuma yetu wameniambia nisingoje.

Watoto wako. Tunalala kanisani na watu wengi. Mama Saif, ninakuuliza kitu kimoja: kama aliona kamyo kwa dirisha, kwa nini hakutoka kwa nyuma?

Domitille


Bujumbura, Jumamosi, 1 Julai 1972

Domitille, mdogo wangu,

Leo ni miaka kumi ya Uhuru. Duka nimelifunga nikuandikie vizuri. Barua hii atakupa Kalume, pamoja na mashuka, nguo za watoto na chai.

Umeniuliza swali, na jibu lake limenifikia wiki iliyopita kwa kamyo ya Mushagalusa. Alipita shuleni akakuta vitabu vimemwagwa sakafuni, kabati limevunjwa. Askari hawakuvitaka. Akavikusanya kwenye sanduku, akavifunika kwa ndagala, akanirudishia. Ni vyote ishirini na vitatu.

Nimevipekua kimoja kimoja. Kurasa za majina zote zimekatwa kwa wembe, kwa rula, zimenyooka kama kazi ya fundi. Jalada la ndani lililokuwa na maandishi limekwanguliwa. Pembe ambayo Kalume aliandika imeondolewa pembe tatu. Hakuacha hata herufi ya mtu. Alimaliza, Domitille. Ila kitabu chenye kurasa zilizokatwa nacho kinasema kitu, na askari angeuliza: nani walikuwa humu? Basi yeye akajibu kabla hajaulizwa. Katika kila kitabu, ukurasa wa kwanza, kwa wino mpya, ameandika:

*Kitabu hiki ni mali ya Hyacinthe, mwalimu, Gatete. Hakijasomwa na mtu mwingine.*

Mara ishirini na tatu. Yeye aliyekuwa anatuambia asiyeandika ukweli asisome.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu lako. Kama angetoka kwa dirisha, wangekuta vitabu bila mtu, na wangetafuta mtu. Alibaki ili wakute mwenyewe. Nilimwambia atafungua kwa sababu ana adabu, nikadhani namtania. Nisamehe. Hasira yangu kwake haijaisha, nadhani na yako pia. Usiilazimishe iishe.

Kati ya wale kumi na wanne, Anastasie hatujampata na Hyacinthe hatunaye. Wengine wamepatwa na mengi, wapo waliovuka, wapo wanaojificha, na wengine sijui walipo. Lakini hakuna hata mmoja aliyefuatwa kwa njia ya vitabu vile. Mimi nimo. Jina langu lilikuwa katika vyote, na sijabishiwa hodi na mtu.

Nakuletea kitabu kimoja, *Mgeni*. Najua huvipendi. Usikisome, fungua ukurasa wa nyuma tu. Cha mwisho kukatwa kilikuwa hiki, nafikiri, maana wembe umeanza kuwa butu, na hapo nyuma, kwenye ukurasa uliobaki, ameandika kama sheria inavyotaka. Nakunakilia, mwandiko wenyewe utauona:

*Hyacinthe, mwalimu, Gatete. Alhamisi, 18 Mei 1972. Niliogopa. Ukurasa: sikuwa nasoma. Mahali: darasani kwangu, dirishani, nikiangalia ziwa. Kapu la ndagala nimelipoteza.*

Miaka kumi nilimsumbua aandike neno hilo. Nimeshinda, Domitille, na nimelia mpaka wateja wameona.

Chini ya mstari wake kuna nafasi. Nilichukua kalamu nikairudisha, si pangu. Siku ukiwa na nguvu andika wewe jina lako, kamili, na mahali ulipo.

Dada yako,
Thuwaiba binti Zahor